Foklifti ya umeme au ya dizeli kwa kituo cha parachichi, Usa River?

MamaStoo

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa stoo kwenye kituo cha kufungasha parachichi huku Usa River. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, maana bosi ameniambia nimwandikie mapendekezo kabla msimu haujaanza na sitaki kuandika mambo ya kusikia.

Hali yetu iko hivi. Tuna banda moja kubwa la kuchambulia na kufungashia, sakafu ya zege, na vyumba viwili vya baridi ambavyo milango yake inafungukia humohumo ndani. Nje ni yadi ya moramu, kama mita 30 kutoka mlangoni hadi kontena linapoegeshwa. Msimu uliopita tulikodi foklifti ya dizeli ya tani 2.5. Kazi ilifanyika. Shida ilikuja mwezi wa sita na wa saba. Baridi ya huku mnaijua: kina mama wa mezani wanaomba milango ifungwe, na mashine inaingia na kutoka na moshi wake. Ikifika saa nane mchana macho yanawasha, na wapo waliokohoa mpaka wakatoka nje. Mmoja alikuwa mjamzito, nikamhamishia chumba cha pembeni kubandika lebo, kwa sababu roho yangu ilikataa kumwacha pale.

Bosi anaelekea kwenye dizeli iliyotumika kutoka Japani. Bei yake nzuri na mafundi wapo. Mimi natamani ya umeme, ila TANESCO wakikata je? Betri ikifa je? Na moramu wakati wa masika itapita? Paleti yetu moja ni katoni 264 za kilo nne nne. Pesa iliyopo ni ya mashine moja tu.

Yadi_Kisongo

Dada, chukua dizeli ulale usingizi. Mimi niko kwenye vifaa vya ujenzi, nashusha saruji, nondo na mabati mwaka mzima, mvua jua. Ikiisha mafuta unajaza ndani ya dakika tano, kazi inaendelea. Engine ya Isuzu C240 au ile 1DZ ya Toyota fundi yeyote pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, anaifungua, na spea hulali ukizingoja. Ya umeme ukiikwamisha kwenye tope la mwezi wa nne utaiona inakutazama tu. Suala la moshi, fungua milango na uwanunulie barakoa.

FundiMajengo_Moshi

Dada MamaStoo, nimesoma swali lako mara mbili. Umeanza na watu wako kabla ya mashine, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi ni fundi wa mashine za kunyanyua hapa Moshi. Nilianzia kwenye maghala ya kahawa, baadaye nikawa naitwa kwenye mashamba ya maua upande wenu huo. Engine ndizo zilizonifundisha kazi na nazipenda mpaka leo. Lakini kwenye banda lako dizeli isivuke kizingiti.

Ndugu yangu wa Kisongo amesema kweli kuhusu yadi yake. Saruji haiivi, dada. Parachichi linaiva. Moshi wa engine yoyote una gesi inaitwa ethilini, na ndiyo hiyohiyo tunda lenyewe linaitoa likianza kuiva. Haihitajiki nyingi, hata chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa inatosha kuliamsha tunda. Ninyi mnalipa umeme usiku kucha ili parachichi likae nyuzi 5 au 6, livuke bahari kwa wiki kadhaa likiwa bado gumu. Halafu mashine inaingia chumba hichohicho inatoa moshi, inarudi nyuma, mlango unafungwa. Vivyo hivyo ikiingia ndani ya kontena kupanga paleti: ekzosi inapuliza kwenye boksi la chuma lenye mlango mmoja. Mzigo ukifika Ulaya umelainika mtalaumu mashine ya baridi ya kontena, kumbe safari ya kuiva ilianzia Usa River.

Kwenye maua nimeyaona haya kwa macho yangu. Kulikuwa na foklifti ya gesi ya mitungi iliyokuwa ikiachwa inaunguruma karibu na mlango wa chumba cha baridi. Ndoo za waridi zilizokuwa upande ule zilikuwa zinaachia petali ukizigusa kwa kidole, za ukutani kule ndani ziko imara. Nalisema hili kwa sababu atakuja mtu hapa akushauri uchukue ya gesi kama njia ya katikati. Gesi moshi wake hauonekani, lakini ethilini imo, na kaboni monoksaidi imo, ambayo haina rangi wala harufu na inaingia kwenye damu ikachukua nafasi ya hewa safi. Kwa mama mjamzito na kichanga chake hilo si jambo la kujaribia. Dizeli inatoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, ila ina masizi, na tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Barakoa ya kitambaa haizuii hayo. Na milango, mwenyewe umeshasema baridi ya Julai inaifunga.

Kahawa nayo ilitufundisha. Kahawa mbichi inavuta harufu ya chochote kilicho karibu, na waonjaji hawadanganyiki; ndiyo maana wenye maghala makini hawapendi engine ingurume karibu na magunia.

Sasa mashine yenyewe. Paleti yako ya katoni 264 ni kama tani 1.1 za tunda, ukiongeza katoni na mbao unafika 1.2. Tani 2.5 ya nini? Tafuta ya umeme ya tani 1.5 au 1.8, yenye mlingoti wa hatua tatu unaoruhusu uma kupanda kwanza bila mlingoti kurefuka, la sivyo utagonga dari la kontena. Kibati cha uwezo kilichopigwa kwenye mashine usome vizuri: tani 1.5 ile ni pale kitovu cha mzigo kikiwa milimita 500 kutoka mgongo wa uma. Paleti ikiwa ndefu na kitovu chake kikasogea mbele zaidi ya hapo, au ukinyanyua juu sana, uwezo unashuka.

Hesabu ya kumpelekea bosi. Tuseme mita ya masaa inasoma masaa manne kwa siku. Dizeli ya tani 2.5 ikila lita 2.5 kwa saa ni lita 10. Kwa shilingi 3,000 ni 30,000. (Weka bei ya dizeli inayotangazwa na EWURA kwa mwezi wenu.) Ya umeme ya tani 1.5 ikila uniti nne kwa saa ni uniti 16 kutoka kwenye betri. Chaja na betri vinapoteza kiasi, kwa hiyo ukutani utavuta kama 21. Tukichukua shilingi 356 kwa uniti, ni chini ya 7,500. Tofauti ni 22,500 kwa siku. Mkifanya kazi siku 26 ni 585,000 kwa mwezi, kabla hujahesabu oili, filta na mikanda.

Na hiyo yadi. Ushauri wangu, ambao watu wengi hawaupendi mpaka waufanye: sehemu ya pesa mwage zege. Huhitaji kumwagia yadi nzima. Njia moja ya mita 30 kutoka mlangoni hadi kwenye kontena, upana wa kutosha mashine kugeuka, na mteremko mdogo ili maji ya masika yakimbie. Foklifti za umeme za ndani zina matairi madogo na tumbo lake liko chini. Kwenye moramu iliyolowa zinakwama kweli, na mzigo ukiwa juu inaweza kulala. Siku ya kushusha magari ya shambani kwenye tope kodi dizeli kwa siku hiyo, ifanye kazi nje, iweke paleti kizingitini na iishie hapo.

Yadi_Kisongo

Fundi, heshima yako. Ila kwenye hesabu betri umeiruka. Ikifika miaka minne mitano anaambiwa anunue mpya, hiyo akiba yote inaondoka mara moja.

FundiMajengo_Moshi

Uko sahihi, iingie kwenye hesabu. Betri ya risasi na asidi iliyotunzwa inakwenda mizunguko 1,200 hadi 1,500 ya kuchaji. Ukichaji kila siku ya kazi mwaka mzima ni miaka minne hadi mitano. Kwa hiyo katika ile 585,000 atenge theluthi kila mwezi wa kazi kwa ajili ya betri, asiiguse. Ndani ya miaka minne na nusu ya kazi ya mwaka mzima ana zaidi ya milioni kumi zimekaa pembeni, na theluthi mbili nyingine zimeshabaki mfukoni mwa kampuni. Isipotunzwa inakufa mwaka wa pili, hilo nalo niseme.

MamaStoo

Shikamoo fundi, na asante sana. Hiyo ya ethilini sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote, na tulikuwa na malalamiko ya tunda laini kwenye mzigo mmoja msimu uliopita. Nitalipeleka kwa bosi kama lilivyo.

Kuna muuzaji Dar ana ya umeme ya tani 1.5 iliyotumika kutoka Japani. Ametutumia video, mita ya chaji inaonyesha imejaa kabisa. Anasema chaja imo ndani ya mashine, unachomeka tu ukutani. Niiamini? Na bado naomba mnijibu la umeme kukatika.

Opareta_Njiro

Dada, mimi nimeendesha zote mbili, sasa hivi niko kwenye ya umeme ghala la vinywaji. Fundi ameshamaliza ya kiufundi, mimi nikupe ya kwenye kiti.

Ya umeme haina sauti. Ukizoea dizeli, watu wanakusikia ukiwa bado nyuma ya rundo. Kwenye ya umeme unafika mgongoni mwa mtu hajui. Kina mama wa mezani wana kelele za mkanda wa kuchambulia, hawatakusikia. Fungeni taa ya buluu inayomulika sakafuni mbele na nyuma ya mashine, pigeni honi kila mlangoni, na mchore mistari ya njano ya njia ya mashine na njia ya miguu. Jioni mgongo wangu uko salama, hautetemeki kama zamani, na kichwa hakiniumi. Kwenye ya dizeli nilikuwa nikilala nasikia mngurumo masikioni.

Kitu kingine, usiiegeshe ndani ya chumba cha baridi. Ingia, weka, toka. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na ukitoka nje kwenye joto inatoa jasho kwenye vifaa vya umeme. Na opareta wenu apitie mafunzo upya hata kama anajua dizeli. Ya umeme ukigusa pedali inaondoka papo hapo, na zile za matairi matatu mkia wake unageuka ghafla kuliko unavyotegemea. OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija kukagua wanataka kuona cheti cha mashine na cha mtu.

FundiMajengo_Moshi

Marahaba dada. Mita ya kwenye dashibodi usiiamini hata kidogo. Inasoma volti za juujuu, na betri iliyochoka ikitoka kwenye chaja inajaa vizuri tu, ukiinyanyulia tani moja inaanguka ndani ya dakika ishirini.

Mtume fundi Dar, au nenda mwenyewe na haidromita. Ni kidude cha kioo chenye mpira juu na kielea ndani, kinapima uzito wa maji ya asidi yaliyo kwenye betri, bei yake ndogo, wanauza maduka ya betri. Betri ya volti 48 ina seli 24, volti mbili mbili. Vaa glavu na miwani. Baada ya kuchaji na kupumzika, fungua kifuniko cha seli ya kwanza, minya mpira, ingiza ncha, achia maji yapande polepole mpaka kielea kiogelee bila kugusa kuta. Soma pale uso wa maji unapokata kielea. Seli nzima iliyojaa inakupa kama 1.28. Rudisha maji yaleyale kwenye seli ileile yalikotoka, andika namba, nenda ya pili. Fanya zote 24, usiruke. Ukikuta 1.28, 1.27, 1.28, halafu ghafla 1.15, hiyo seli imekufa na itavuta wenzake. Maji yakija na rangi ya kahawia, vipande vya bamba vinamomonyoka. Angalia na tarehe iliyopigwa kwenye seli. Kisha mwambie ainyanyulie mzigo wa kweli, nusu saa ya kupanda na kushuka, halafu pima tena. Akikataa majaribio hayo, umeshapata jibu lako.

Ya kuchomeka ukutani, hapo kuna mtego ambao umeunguza chaja nyingi. Mashine za soko la Japani, chaja yake ya ndani inataka volti 200 za njia tatu (fezi tatu). Umeme wetu wa njia tatu ni volti 400. Ukichomeka moja kwa moja unasikia mlio mmoja tu, basi. Unahitaji transfoma ya kushusha 400 kuwa 200, ya njia tatu, ukubwa wake uzidi kidogo kVA (kipimo cha nguvu ya umeme) zilizoandikwa kwenye kibati cha chaja. Mwambie muuzaji bei yake aijumuishe, ama apunguze kwenye bei ya mashine.

Kukatika kwa umeme: ule mgao wa 2023 ulituumiza wote. Tangu mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa 2024 (yote kwa pamoja ni megawati 2,115) kinachotusumbua zaidi ni laini: mti umeangukia waya, transfoma ya mtaa imeungua. Betri yenyewe ni ghala la umeme. Ukikatika saa nne asubuhi, foklifti haina habari, inafanya kazi mpaka jioni. Tatizo ni ukikatika usiku kucha. Ila ninyi mna vyumba vya baridi, kwa hiyo jenereta lazima mnayo. Chaja ya mashine ya ukubwa huu huwa kama kVA sita au saba. Na kama mko kundi la T2 la TANESCO, la watumiaji wakubwa, mnalipia pia kVA za juu kabisa mlizogusa mwezi huo. Basi chaja isiwashwe saa ambazo kompresa zote zinavuta pamoja. Saa tano usiku, chumba kikishapoa, ndiyo saa yake. Wekeni saa ya kuiwasha yenyewe.

Kutunza betri mpe mtu mmoja, awe na daftari. Isishuke chini ya asilimia 20. Ichajiwe mara moja, ijae, ipoe. Ile tabia ya kuchomeka kila mapumziko ya chai inaiua betri ya asidi. (Ya lithiamu inaruhusu hiyo, na haihitaji kuongezwa maji, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa na ni nyepesi, lazima iongezewe uzito wa chuma.) Maji yaongezwe baada ya kuchaji. Na yawe maji ya betri ya dukani yasiyo na madini wala asidi. Maji ya bomba ya ukanda wenu wa Meru, yenye floraidi na chumvi zake, yasiguse seli kabisa. Nimefungua betri huko Tengeru bamba zimevaa ukoko mweupe kama sufuria ya chai.

Chaji sehemu yenye upenyo wa hewa juu, karibu na paa. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja inatosha kulipua. Kifuniko cha juu cha sanduku la betri kiwe wazi, sigara mbali, bomba la maji ya kunawa macho karibu. Msimu ukiisha usiiache tupu mpaka mwakani. Ichajiwe kila mwezi hata kama haifanyi kazi.

MamaStoo

Nimeandika yote. Swali la mwisho fundi, maana bosi ameshaniuliza leo: akipata mashine nzuri lakini betri mbovu, kuna mtu amemwambia wanaweza kufunga betri nne za lori, volti 48 zilezile, bei chee. Inawezekana?

FundiMajengo_Moshi

Hapana dada, na hapa naomba bosi wako asome mwenyewe.

Betri ya foklifti ya tani 1.5 ina kilo mia saba na zaidi, na uzito huo umepigiwa hesabu. Ndio unaoshikilia mkia chini mzigo ukiwa mbele. Betri nne za lori hazifiki hata kilo mia tatu. Niliitwa ghala moja ambako walikuwa wamefanya hivyo. Opareta alinyanyua paleti mpaka kimo cha kifua, akainamisha mlingoti mbele kidogo kuiweka kwenye gari, na magurudumu ya nyuma yakaacha sakafu. Kijana aliyekuwa ameshika paleti upande wa gari aliruka. Angechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Zaidi ya hapo, betri ya lori imetengenezwa kupiga stata, si kushushwa mpaka asilimia 20 kila siku. Ndani ya miezi michache imekwisha.

Kwenye kibati cha mashine pameandikwa uzito wa chini wa betri unaoruhusiwa. Soma hapo kabla ya kununua betri ya aina yoyote, hata ile ya lithiamu. Ukipata picha ya kibati na ya upande wa seli zenye tarehe, ziweke hapa, nitazisoma.